Mama kashapita 50? Anza kuangalia mifupa yake

Hedhi ikishakoma mifupa inapungua haraka, tena kimyakimya, hakuna maumivu wala nini mpaka siku anateleza bafuni nyonga inavunjika. Kwa hiyo dagaa ale wazima na miiba yake, kalsiamu iko humo, ukiwachambua ukabakiza nyama tu umeitupa, aongeze na mtindi na sukuma wiki maana anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Jua kidogo nalo, la vitamini D. Sokoni aende kwa miguu jamani, bodaboda za kila siku za nini? Sigara aache. Kama anatumia prednisolone (dawa ya steroidi, inadhoofisha mifupa) muda mrefu amuulize daktari kuhusu mifupa, ila asiikatishe ghafla. Bafuni tandika mpira usioteleza, na zile kandambili zilizolika soli tupa leo.