Kabla ya Kwenda Normandie, Tazama Kwanza Ratiba ya Maji

Wengi wakipanga safari ya Normandie, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, huanza na tiketi na chumba. Mimi nashauri uanze na ratiba ya maji kujaa na kupwa, kisha ndipo uchague tarehe. Vivutio vikubwa vya pwani ile hubadilika sura mara kadhaa kwa siku, na vingine ni hatari kwa asiyejua saa.

Aliyekulia Unguja au Mombasa anaijua bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa takriban mita 4. Kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, kisiwa kidogo chenye abasia kileleni, tofauti hiyo hukaribia mita 14. Maji yakipwa huacha uwanda wa mchanga wa kilomita nyingi, na yakianza kurudi hurudi kwa kasi. Wafaransa huipa nguvu ya maji ya kila siku namba kati ya 20 na 120. Ukitaka kukiona kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, tafuta siku yenye namba inayozidi 110. Siku hizo ni chache, nyingi zikiangukia karibu na Machi na Septemba. Fika saa mbili kabla ya maji kujaa ili uyaone yakiingia. Kutembea mchangani maji yakipwa ni raha ya aina yake, lakini usithubutu bila kiongozi mwenye kibali. Kuna mchanga unaomeza miguu, na ukungu hushuka ghafla.

Gari huachwa bara, kama kilomita mbili na nusu kutoka kisiwani, na basi la bure huvusha watu kwenye daraja lililofunguliwa mwaka 2014. Abasia, yaani makao ya kale ya watawa, iko juu kabisa, ngazi zaidi ya 300, kwa hiyo ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu lifikirieni hilo mapema. Hufungwa 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba.

Étretat, kwenye majabali meupe ya chokaa yaliyotobolewa na bahari yakawa matao, nako watu hukwama. Hupita chini ya majabali maji yakiwa yamepwa, wakajisahau, na njia ya kurudi ikafungwa. Mandhari bora yako juu, kwenye njia ya miguu. Usisogee ukingoni, maana chokaa hubomoka. Kokoto za ufukweni ziache hapo hapo: kuzichukua ni kosa lenye faini, kwa kuwa ndizo zinazoukinga mji na mawimbi.

Hata fukwe za Vita vya Pili vya Dunia huwa na maana zaidi kwa anayejua maji. Tarehe 6 Juni 1944, mwezi ukiwa mpevu, majeshi ya washirika yalitua alfajiri maji yakiwa chini, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane. Nenda Omaha, mmojawapo wa fukwe hizo, maji yakiwa yamepwa. Simama penye ukingo wa maji, utazame ule uwazi walioukimbia vijana wale chini ya risasi, kisha ndipo upande kwenye makaburi ya Wamarekani huko Colleville-sur-Mer, yenye misalaba, na nyota za Daudi kwa Wayahudi, zaidi ya 9,000. Tenga nusu siku nzima, usipaharakishe.

Jumba la makumbusho la Bayeux, linalohifadhi kitambaa cha kale kilichotariziwa cha karne ya 11, lilifungwa Septemba 2025 kwa ukarabati wa takriban miaka miwili, hivyo hakikisha limefunguliwa kabla ya kuliweka kwenye ratiba yako.

Kuhusu viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibakize miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na bima ya afya isipungue yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Beba koti la mvua hata Julai. Asiyetumia kilevi ajue kwamba sida ya kule, kinywaji cha tufaha kinachoandamana na karibu kila mlo, ina pombe. Aagize juisi ya tufaha, nayo ni tamu kweli.

Treni za Le Havre, Caen na Bayeux huondokea kituo cha Saint-Lazare, Paris. Étretat haina kituo. Utamalizia kwa basi kutoka Le Havre, basi ambalo jioni halipiti mara nyingi, kwa hiyo andika saa ya la mwisho kabla hujaanza kupanda jabali.