Jinsi ya kuuzoea upinde wa vita wa Kiingereza

Pinde zilizoopolewa katika meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zinakadiriwa kuwa na mvuto, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta upinde hadi mwisho, wa ratili 100 hadi 185, ilhali wapiga mishale wengi wa leo hutumia chini ya 50. Anza na upinde unaoweza kuuvuta hadi mwisho bila kutetemeka, kisha ongeza ratili chache baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kano hukomaa polepole kuliko misuli.

Jambo kubwa ni mgongo. Askofu Hugh Latimer alihubiri mwaka 1549 kwamba baba yake alimfundisha kuuweka mwili wake wote ndani ya upinde, na mafundisho hayo yangali sahihi kabisa: inama kidogo, shusha mabega, sukuma mti kwa mkono mmoja huku ukivuta kamba kwa mwingine, mpaka mifupa ya mabega ikaribiane.

Ukinunua upinde wa mti wa yuu (kwa Kiingereza yew), hakikisha tabaka jeupe la nje, linalostahimili kunyooshwa, linaelekea shabaha. Usiachie kamba kamwe pasipo mshale, na uivue umalizapo mazoezi.