Jinsi ya kuchora makabila 12 ya Israeli kwenye kioo cha rangi

Wadau wa Arusha na Moshi mnaotaka kioo cha makabila 12 kanisani au hata sebuleni, kabla hujashika brashi soma Mwanzo 49 yote. Alama nyingi zimetoka pale Yakobo anawaaga wanae: Yuda simba, Dani nyoka, Naftali ayala, Benyamini mbwa mwitu, Isakari punda, Zabuloni merikebu. Alafu amua mapema unahesabuje, maana ukiweka Lawi na Yusufu basi Efraimu na Manase hawaingii, watu wanachanganya wanajikuta na 13 na dirisha lina nafasi 12.

Rangi ndo penye utamu. Kitabu cha Kutoka sura ya 28 kinataja mawe 12 kifuani kwa kuhani ila hakisemi jiwe lipi la nani, kwa hiyo kuna Midrashi (maelezo ya kale ya marabi wa Kiyahudi juu ya Biblia) inampa Yuda bendera ya rangi ya mbingu na Zabuloni nyeupe, wakati mchoraji Marc Chagall kwenye madirisha yake 12 ya sinagogi ya hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, yaliyozinduliwa 1962, Yuda kamfanya mwekundu. Na hakuna sura ya mtu hata moja mle, kwa Yuda utaona simba, taji na mikono tu. Mimi ningemfuata hapo, mwaya, sura za watu zinaharibu kazi.

Kwa fundi aluminiamu yeyote, hata wa Unga Limited pale Arusha, omba kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 4, akusagie na kingo. Kifute na spiriti, bandika mchoro kwa chini na selotepu, pitisha mistari minene myeusi, acha ikauke kabisa. Mistari hiyo inashika nafasi ya madini ya risasi yanayounga vipande vya kioo cha rangi halisi, so kila rangi izungukwe kote, mkia wa Dani usiachwe unaelea.

Rangi: vanishi isiyo na rangi changanya na rangi ya mafuta ya tyubu kidogo sana, madirisha wazi maana harufu ni kali. Nyeupe usiguse, inaziba mwanga, merikebu ya Zabuloni iache kioo kitupu. Jaribu kwanza kwenye kipande chakavu ukikiinua kwenye mwanga, kwa sababu mezani rangi inadanganya. Kioo kikae kimelala mpaka kikauke.

Upande uliopakwa uangalie ndani, na dirisha liwe chini ya baraza, jua kali linageuza vanishi njano na bluu ya Yuda, kama umefuata Midrashi, inakuwa kijani.