Kupumua wakati wa uchungu: kazi iko kwenye kutoa pumzi

Anza mazoezi ukifika wiki ya 34 hivi, dakika 10 kila jioni, pamoja na atakayekusindikiza leba. Uliza mapema kliniki kama wodi yao inamruhusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka.

1. Legeza mwili. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Kunja ngumi sekunde 5, achia. Pandisha mabega, achia. Kisha taya: midomo iachane, ulimi ulegee. Msindikizaji apapase mabega na paji la uso kutafuta palipokaza, maana mwenyewe huwa husikii.

2. Pumzi ndefu. Uchungu ukianza, vuta hewa kwa pua ukihesabu polepole mpaka 4, tumbo lijae. Toa kwa mdomo mpaka 6, kama unapoza uji. Uchungu uliokolea huchukua sekunde 45 hadi 60, yaani pumzi 5 au 6 tu. Zihesabu, ukimaliza ya tatu, mara nyingi kilele kimepita. Ukiachia, pumua kawaida, unywe maji, ukakojoe, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Wengi huharibu hapa kwa kuhema haraka haraka. Kaboni dayoksaidi hupungua mno kwenye damu, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinakufa ganzi. Ziba pua na mdomo kwa viganja vilivyokunjwa, pumua humo mara chache, kisha rudi kwenye hesabu. Kwa joto la Dar mdomo hukauka upesi, kwa hiyo beba maji na kanga moja ya kulowesha, ufutwe uso na shingo.

3. Kiuno kikiuma. Simama uegemee kitanda. Msindikizaji akandamize kwa kiganja juu kidogo ya makalio, bila kuachia mpaka uchungu upite.

4. Kusukuma. Hamu ikija kabla njia haijafunguka sentimita 10, usisukume, mlango wa kizazi unaweza kuvimba. Mwite mkunga akupime, na wewe puliza fupi fupi: hu, hu, huuu. Njia ikishafunguka, sukuma kwa sekunde 6 hivi kila hamu inapokuja, kisha vuta hewa. Kubana pumzi muda mrefu kunampunguzia mtoto oksijeni. Kichwa kikitokeza, hema fupi fupi kitoke taratibu, msamba usichanike.

Kwa mimba ya kwanza, ondoka nyumbani uchungu ukija kila dakika 5 kwa saa nzima. Ukikaa pembezoni mwa Dar, kama Chanika au Kibamba, toka mapema zaidi, foleni unaijua. Lakini ukiona damu nyingi, maji ya kijani, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, mtoto hachezi, au tumbo limekaza bila kuachia, nenda hospitali hapo hapo. Na tafadhali, mama kijacho, usinywe mitishamba ya kuongeza uchungu: inaweza kukaza kizazi mfululizo hadi kikapasuka, na hapo pumzi haifui dafu.