Mpango wa ujenzi mahali patakatifu panapogombaniwa: namna ya kuukagua na kuujadili

Mahali ambapo dini mbili, au madhehebu kadhaa ya dini moja, yanadai haki, hakuna mchoro unaosomwa kama mchoro tu. Ngazi ikisogezwa, taa ikitundikwa, paa likizibwa, kila upande huuliza nani amepewa nini. Ukiwa kwenye kamati ya mahali kama hapo, uwe mzee wa wakfu, padri, afisa wa mambo ya kale au mhandisi, kazi yako kubwa ni moja: hakikisha mpango unazungumzia kazi, hauzungumzii umiliki.

Andikeni kwanza hali iliyopo

Pimeni jengo kwa pamoja kabla ya mchoro wowote mpya, kila upande ukiwa na mtu wake. Sakafu zichorwe kwa kipimo cha 1:50, na sehemu zenye nakshi au mawe yaliyolegea kwa 1:20. Alama ya kupimia usawa iwekwe nje ya eneo lenye mgogoro, kwenye kitu kisichohama, asije mtu kesho akadai sakafu ilipandishwa kwa siri. Kila ufa upewe namba, upigwe picha ukiwa na rula pembeni, kisha ufungiwe kipimo kitakachosomwa kila wiki. Ikiwezekana someni mwaka mzima, kwa kuwa jiwe hutanuka na kusinyaa kwa joto na mvua. Mkianza kusoma siku jukwaa la mafundi linaposimamishwa, mtabishana juu ya kila ufa na hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote.

Andikeni pia desturi za matumizi: nani hufungua mlango upi na saa ngapi, nani hufagia kipande gani, nani huwasha taa ipi. Hili linaonekana dogo kwa wahandisi, na ndilo linalowashinda. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, haki za madhehebu sita zinafuata utaratibu unaoitwa Status Quo, uliotiwa nguvu na firmani, yaani amri, ya Sultani wa Uthmania mwaka 1852. Chini ya utaratibu huo, kukarabati paa au sakafu huhesabiwa kuwa dalili ya kuimiliki sehemu hiyo. Ndiyo maana upande mmoja unaweza kuona ni heri maji yavuje kuliko mwenzake alipie fundi.

Dawa yake ni kumpata mlipaji asiye mdai, au mfuko wa pamoja. Paa la Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, Bethlehemu, lilivuja kwa miaka mingi. Mwaka 2012 kanisa liliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na papo hapo kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Ukarabati ulianza 2013 chini ya kamati ya Mamlaka ya Palestina. Hakuna hata moja kati ya madhehebu matatu yanayolitunza lililosimama kama mwenye kazi. Mwaka 2019 likatolewa kwenye orodha ya hatari.

Tenganisheni usalama na mengine

Karibu kila mgogoro una maswali manne yaliyofungwa fundo moja: usalama, njia ya kuingia, mambo ya kale yaliyo chini ya ardhi, na umiliki. Kila swali lipewe hati yake na kikao chake. Yakibaki pamoja, upande unaoogopa umiliki utakataa hata nguzo ya kuzuia ukuta usiangukie watu.

Tazameni Lango la Maghariba huko Yerusalemu, ambalo ndilo pekee wasio Waislamu wanaloruhusiwa kulitumia kuingia Haram al-Sharif, mahali Wayahudi wanapopaita Mlima wa Hekalu. Njia yake ilikuwa mteremko wa udongo uliobaki baada ya mtaa wa Maghariba kubomolewa Juni 1967. Februari 2004 sehemu ya mteremko ule ilianguka, na daraja la mbao la muda likajengwa. Februari 2007 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israel ilianza kuchimba ili kupisha daraja la kudumu. Maandamano yakazuka, meya akausimamisha mpango wa daraja ili upitie hatua ya pingamizi za umma, lakini uchimbaji ukaendelea. UNESCO ikatuma wataalamu, na kamera zikafungwa ili dunia itazame kazi moja kwa moja. Kamera ni jambo jema, ila zilikuja baada ya jembe. Uchimbaji ulitangulia mpango uliokubaliwa, na baada ya hapo maelezo ya kiufundi hayakumtuliza mtu. Zaidi ya miaka 15 baadaye lile daraja la mbao lilikuwa bado linatumika.

Hapo ndipo kamati nyingi hulala usingizi: kazi ya muda. Kiunzi cha vyuma ambacho utawala wa Uingereza ulikiweka mwaka 1947 kulishika kijumba kilicho juu ya Kaburi Takatifu kiliondolewa 2017 tu, baada ya Waorthodoksi wa Kigiriki, Wafransisko wa Kikatoliki na Waarmenia kukubaliana juu ya ukarabati ulioanza 2016. Kwa hiyo kibali cha kitu cha muda kisitiwe saini bila mambo matatu: tarehe ya mwisho wake, jina la atakayekiondoa, na fedha za kukiondoa zikiwa zimewekwa kando tangu mwanzo. Mchoro wake ukaguliwe kwa ukali uleule wa jengo la kudumu, maana huenda wajukuu wakakirithi kitu hicho.

Mnapofungua michoro

Msianze na picha ya kupendeza ya mbele. Anzeni na usawa wa sakafu, upana na uzito. Daraja la waenda kwa miguu kwa kawaida hukokotolewa kwa kilonewtoni 5 kwa mita ya mraba, yaani takriban kilo 500. Mkikuta kwenye hesabu uzito wa magurudumu, ulizeni ni gari gani litapita na kwa amri ya nani. Kisha tazameni misingi: kina chake, na kama inaweza kukaa juu ya ardhi badala ya kuchimbwa. Fuateni maji ya mvua yatakakoelekea. Angalieni milango inafungukia upande gani, ufunguo utakaa kwa nani, kamera za ulinzi zinatazama wapi, na mkono wa kreni utapita juu ya nini. Jina la mahali kwenye kona ya mchoro nalo huvunja vikao. Andikeni majina yote mawili, au tumieni namba ya kiwanja.

Hati ya makubaliano iwe na kifungu cha namna hii: “Kazi hii haiongezi wala haipunguzi haki, dai au desturi ya upande wowote, wala haitatumiwa kuwa ushahidi wa umiliki mbele ya chombo chochote.” Bila kifungu hicho msitegemee saini.

Pingamizi

Pingamizi moja, jambo moja. Taja namba ya karatasi ya mchoro, mahali penyewe, madhara unayoyahofia, na badiliko unalolitaka. Barua ya kurasa nyingi iliyojaa historia ya dhuluma, hata kama ni ya kweli, humpa mpokeaji nafasi ya kujibu historia na kuacha msingi unaochimbwa. Hesabuni siku za kutoa pingamizi tangu tangazo lilipotolewa, si tangu mlipolisikia.

Kama eneo ni la Urithi wa Dunia, miongozo ya utekelezaji ya Mkataba wa Urithi wa Dunia ina aya mbili za kushika. Aya ya 172 inaitaka serikali iarifu mapema kuhusu ujenzi au ukarabati mkubwa, kabla ya kufanywa uamuzi ambao itakuwa vigumu kuurudisha nyuma. Aya ya 174 inahusu taarifa inayotoka kwa mtu asiye serikali: sekretarieti ya mkataba huipeleka kwa serikali husika ili ithibitishwe na kutolewa maoni. Basi tuma picha zenye tarehe na michoro, ukijua serikali yako itaisoma barua hiyo. Daini pia tathmini ya athari kwa urithi ifanywe mchoro ukiwa bado unabadilika. Ikiletwa baada ya zabuni ni pambo.

Mafundi wakiingia

Ratiba ipitishwe kwenye kalenda za dini zote zinazohusika. Mwaka wa Hijria hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kazi ya miaka mitatu isitumie hesabu ya mwaka wa kwanza. Kwa mtikisiko, kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150 huweka kikomo cha mwendo wa milimita 3 kwa sekunde kwa majengo ya kale kwenye mitikisiko ya masafa ya chini, yaani inayopiga polepole. Kipimo kifungwe kwenye msingi, na mashine izimwe kinapovukwa.

Yakitokea mifupa au ukuta wa kale, anayesimamisha kazi awe ametajwa kwa cheo, na pande zote ziarifiwe saa ileile, kwa ujumbe uleule. Tofauti ya saa mbili inatosha kuzaa uvumi. Muhtasari wa kila siku utiwe saini jioni kabla watu hawajatawanyika. Kazi ikiisha, michoro ya kilichojengwa hasa itolewe nakala moja kwa kila upande na moja kwa asiye mdai, na vipimo vya nyufa viendelee kusomwa hadi msimu mmoja wa mvua upite.