Somo: VM zako zijue umeme umekatika kabla UPS haijafa

Wakuu, kila mgao ukianza napokea ujumbe uleule: "UPS ninayo, mbona database ya kwenye VM imeharibika?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Waya wa USB wa UPS (betri ya akiba) umechomekwa kwenye seva mama, yaani kompyuta halisi. VM (kompyuta pepe) zilizo ndani hazina habari nao. Kwao umeme upo mpaka giza linapoingia. NUT (Network UPS Tools), programu ya kusimamia UPS, ndiyo inayozipelekea taarifa. Mimi natumia Proxmox, mfumo wa kuendesha VM.

1. Seva mama: apt install nut.

2. nut.conf: MODE=netserver.

3. ups.conf: ipe UPS jina ups1, driver = usbhid-ups, port = auto. Ikigoma, jaribu nutdrv_qx.

4. upsd.conf: LISTEN 127.0.0.1 na LISTEN nyingine yenye IP ya vmbr0 (bridge ya ndani inayounganisha VM na seva mama; yangu ni 192.168.1.10). Fungua porti 3493 kwa VM tu.

5. upsd.users: watumiaji wawili, mmoja (mama) upsmon primary, mwingine (mtoto) upsmon secondary. Toleo la kabla ya 2.8 linataka master na slave.

6. upsmon.conf ya seva mama: MONITOR ups1@localhost 1 mama NENOSIRI primary.

7. Kila VM: apt install nut-client, MODE=netclient, kisha MONITOR ups1@192.168.1.10 1 mtoto NENOSIRI secondary. Andika IP, si jina. DNS yako ikiwa nayo ni VM, huenda itakuwa imeshazima.

8. Muda. Hapa nenda polepole, maana ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza niliacha kila kitu kilivyokuja. Umeme ukakatika, betri ikasoma asilimia 30, mara kimya. Betri iliyochoka hudanganya: asilimia nzuri, ila mzigo ukiizidi inaanguka, na alama ya LB (betri iko chini) inachelewa au haiji kabisa. Kwa hiyo kwenye ups.conf weka ignorelb (ipuuze LB) na override.battery.charge.low = 50 (asilimia 50 ihesabiwe ndiyo chini). ONYO: hakikisha kwanza upsc (amri ya kusoma hali ya UPS) inaonyesha battery.charge. Isipoonekana, usiguse ignorelb.

Nikarekebisha hilo, PostgreSQL ikaharibika tena! Kumbe seva mama ikishatangaza FSD (amri ya kuzima kwa lazima) husubiri VM zikate mawasiliano, kikomo ni HOSTSYNC, sekunde 15. Lakini VM hukata inapoanza kuzima, si inapomaliza. Database yangu ilihitaji dakika nzima. Weka FINALDELAY (sekunde za kusubiri kabla ya kuzima) 90 kwenye seva mama na FINALDELAY 0 kwenye VM. Ukigeuza, umejimaliza. Na FSD ikishatoka hairudi, hata umeme ukirejea sekunde hiyohiyo.

9. Chomoa UPS ukutani. Kwenye VM, upsc ups1@192.168.1.10 ups.status itoke OL (umeme upo) iwe OB (iko kwenye betri). Usiku, watu wakilala, piga upsmon -c fsd kwenye seva mama. Itazima kweli.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu haifanyi kazi.
— Ipi? Weka log.

Mdau 1: VM inasema muunganisho umekataliwa.
— Hatua ya 4.

Mdau 1: Nimeifanya.
— Ungekuwa umeifanya usingekataliwa. Umewasha upya nut-server?

Mdau 1: Aah. Imekubali.

Mdau 2: Samahani kaka, kwani Proxmox haizimi VM yenyewe seva ikizima?
— Swali zuri, dada. Inazima, na ukiwa na VM mbili nyepesi yatosha. Ila hapo VM inajua dakika ya mwisho. Kwa NUT inasikia ONBATT (taarifa kuwa UPS imehamia betri) mapema, wakati betri bado imejaa. Mimi nina upssched (kipima muda cha NUT) inayohesabu sekunde 60, kisha inasimamisha backup na kazi nzito. LUKU ikiisha mtu akakimbia kununua, umeme unarudi na hakuna kilichozimwa.

Mdau 3: Mawasiliano na seva mama yakikatika katikati?
— Ikiwa taarifa ya mwisho ilikuwa OB, VM inasubiri DEADTIME (muda wa kuvumilia ukimya) halafu inajizima yenyewe. Ikiwa ilikuwa OL, inalalamika tu.

Mdau 4: Yangu imezima vizuri, umeme ukarudi, seva haikuwaka. BIOS nimeiweka iwake yenyewe.
— BIOS inangoja ione umeme umekatika, na UPS yako haikukata. Angalia POWERDOWNFLAG kwenye upsmon.conf, faili la alama linalofanya seva ikizima iiambie UPS ikate halafu irudishe.

Mdau 2: Na ruta niiweke kwenye UPS hiyohiyo?
— VM hazihitaji ruta kuongea na seva mama, zinapita kwenye bridge ya ndani. Ila wewe utaihitaji uingie ukiwa nyumbani. Iweke, inakula kidogo. Printa ya leza ndiyo usithubutu.