Zana ya kukagua hali: "sawa" haimtoshi wakala

Kama umeunda zana ya kumsaidia wakala wa akili mnemba (programu inayojiamulia zana za kutumia) kukagua hali ya huduma ya bei za hisa, usiishie kuandika "hurejesha hali ya mfumo" kwenye maelezo ya zana hiyo. Maelezo hayo mafupi ndiyo wakala anayoyasoma kabla ya kuamua aite zana ipi. Akijibiwa "sawa" tu, atachukulia kwamba bei ni ya sasa hivi.

Tenganisha mambo matatu: seva inajibu? Soko liko wazi? Bei ya mwisho iliingia lini? Jumapili, seva inayotoa bei za New York inaweza kuwa nzima kabisa huku bei yenyewe ni ya Ijumaa. Hiyo si hitilafu, na maelezo yaseme hivyo waziwazi, la sivyo wakala anaweza kuuliza na kuuliza tena mpaka amalize idadi ya maombi anayoruhusiwa kutuma.

Mimi ningeandika hivi: "Ita zana hii kabla ya kuomba bei. Kama soko limefungwa, tumia bei ya mwisho na umtajie mtumiaji tarehe yake. Usijaribu tena kabla ya muda ulioonyeshwa kwenye jaribu_baada." (Hiyo ni sehemu ya jibu la zana inayotaja muda wa kusubiri.)

Saa zote ziwe za UTC, yaani saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi ya kwao. Kwa Nairobi ni saa 10:30 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 11:30 jioni majira ya baridi. Usimwachie wakala hesabu hiyo, hasa Machi na Novemba, Wamarekani wanapobadilisha saa zao.